Sauti Ishirini za Chama cha Bakora

Zamani, tena zamani zile za kale kabisa, wanyama walipokuwa na milango, makufuli na vikao vya kuchelewa kuanza, kulikuwa na nyumba moja ndefu katikati ya uwanda, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na chama. Sogeeni karibu, na wewe uliyekaa nyuma acha kumfinya mwenzio. Chama chenyewe kiliitwa Chama cha Bakora.

Kiliitwa hivyo kwa sababu kila ndugu wa chama alikuwa na bakora yake. Ndugu akikutana na ndugu njiani, hawakupeana mkono. Waligonganisha bakora mara tatu, ko! ko! ko!, kisha wakaulizana habari za nyumbani, za shamba na za meno. Ndugu akiugua, wenzake walimpelekea maji. Paa lake likivuja, wenzake walikuja na makuti. Kilikuwa chama kizuri, kwa kweli. Ila wanachama wote walikuwa wanane, na yule mdogo kuliko wote, Nyati, alikuwa na wajukuu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kifaru. Pembe yake ilikuwa ndefu lakini macho yake hayakufika mbali; hatua kumi mbele yake dunia nzima ilikuwa ukungu. Baba yake alikuwa mwenyekiti, babu yake pia, na Kifaru hakuwahi kuwaza hata siku moja kwamba yupo mnyama asiyetamani kuwa ndugu wa Bakora.

Siku moja akaja Korongo, tarishi wa Simba, akatua mlangoni kwa mguu mmoja.

"Mfalme anawasalimu," akasema. "Anasema nyumba za uwanda ni za vyama vilivyo hai. Siku ya Mwaka nitasimama hapa nje, niite mara tatu. Kabla wito wa tatu haujazimika, sauti ishirini ziwe zimeitika kutoka ndani. Zikipungua, nyumba anapewa Fisi."

"Fisi!" akaruka Mzee Kiboko, katibu. "Aifanyie nini?"

"Ghala la mifupa."

Korongo akabadilisha mguu, akaruka zake.

Kifaru akashika kiti. Ghala la mifupa! Pale alipotawazwa baba yake! Pale walipokaa siku tatu kumlilia babu yake!

"Ishirini," akanong'ona. "Na sisi wanane. Kiboko, wewe huwezi kuitika mara mbili?"

"Naweza hata mara tatu, nikiibana pua. Lakini Korongo si mjinga."

"Basi tunataka vijana."

"Vijana hawaji, Mwenyekiti."

"Kwa nini hawaji?"

Hapo ndipo kichwa cha Kifaru kilipoanza kumgonga. Kwa nini hawaji? Kahawa ipo. Orodha ya waasisi ipo, majina mia moja na kumi na manne, yanasomwa yote kila kikao bila kuruka hata moja. Hotuba ya mwenyekiti ipo, inaanza asubuhi na inakoma jua likiwa utosini. Kijana gani mwenye akili timamu anaikimbia raha kama hiyo?

"Labda tupake mlango rangi," akasema Nyati.

"Labda turefushe hotuba," akasema Kiboko, "wapate faida zaidi."

Wakapaka mlango rangi. Wakarefusha hotuba. Wakatangaza Siku ya Vijana uwanda mzima. Wakaja vijana wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Sasa niwaambie jambo moja. Kijana wa mwisho kukaa katika nyumba ile alikuwa Kidawa, binti wa marehemu Nguchiro. Mwembamba, mdogo, ukipepesa macho kashafika ng'ambo. Baba yake alikuwa ndugu wa Bakora, kwa hiyo naye alipewa haki yake: mkeka wa mlangoni.

Sheria ya mkeka ilikuwa hivi. Mgeni anakaa miaka saba, uso ukutani. Anaosha vikombe. Wala hasemi neno mpaka mzee mmojawapo apige chafya, na chafya ikipigwa anaruhusiwa maneno matatu, basi. Kwa nini chafya? Hakuna aliyejua. Labda mwasisi alikuwa na mafua.

Kidawa akakaa mwaka wa kwanza. Akakaa wa pili. Mwaka wa tatu, akiwa ameukodolea ukuta, akaona mchwa wanapanda kwa foleni kwenye ngoma kuu ya chama. Akanyanyua mkono. Hakuna aliyepiga chafya. Akanyanyua miwili. Akanyanyua na mkia.

"Huyu mtoto ana kiherehere," akasema Kiboko.

Mwisho vumbi likamwingia Mzee Tembo kwenye mkonga. "Chyaaaa!"

"Mchwa wanakula ngoma!" akasema Kidawa haraka haraka.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu Kiboko. "Kaa kimya."

"Lakini..."

"La nne hilo! Toka nje!"

Wakamtoa. Wiki ile ile Tembo akaipiga ngoma kuu. Pwaaa! Mguu ukapita ukatokea upande wa pili. Wazee wakainama kutazama unga wa mbao, na Mzee Kifaru akauliza kwa huzuni ya kweli, "Mbona hakuna aliyetuambia?"

Zilipobaki siku kumi Siku ya Mwaka ifike, Kifaru akaenda kwa Kidawa. Akamkuta anaanika mtama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja na swali. Vijana wanataka nini?"

"Mmewauliza?"

"Tutawaulizaje, na hawaruhusiwi kusema?"

Kidawa akamtazama, akatafuta dalili ya mzaha katika uso ule mpana. Haikuwepo. Mzee alikuwa anauliza kwa moyo wake wote. Kidawa alikuwa na hoja saba za kumjibu, amezipanga tangu mwaka jana, kila moja kali kuliko mwenzake. Akazimeza zote.

"Ndiyo, babu," akasema polepole. "Hilo nalo ni gumu."

"Gumu sana!" akasema Kifaru, akafurahi kupata mtu anayemwelewa, akarudi kwake.

Kesho yake ubavuni mwa nyumba ya Bakora kikaota kibanda. Nguzo nne, kuta za matete, paa la majani. Mlangoni akasimama Ngedere, mikono kiunoni. Ndani, ndi! ndi! ndi! vibuyu vinapigwa. Kwa kwa kwa! Wanacheka. Ndi! ndi! Kwa kwa kwa!

"Kuna nini mle?" akauliza Kifaru.

"Chama kipya," akasema Nyati. "Kinaitwa Chama cha Vibuyu. Kina siri."

"Siri gani?"

"Ingekuwa siri kama ningeijua?"

Kifaru akasimama kusoma waasisi. Alipofika jina la thelathini, ndi! ndi! kwa kwa kwa! Akapotea mstari. Akaanza upya. Kwa kwa kwa! Akapotea tena. Na kila alipoinua macho aliona jambo la ajabu: viti vinapungua. Siku ya kwanza Nyati alikuwa na shughuli. Siku ya pili Tembo alikuwa na mgonjwa. Siku ya tatu Kiboko, ambaye hakuwahi kukosa kikao tangu azaliwe, alituma salamu kwamba ngozi inamkauka.

Siku ya nne Kifaru alikuwa peke yake na majina mia moja na kumi na manne.

Akaweka orodha chini. Akawaza: vijana wote wa uwanda wako pale, na mimi nataka vijana. Nikiijua siri yao nitaileta huku, na nyumba ya baba yangu itapona. Basi akachukua bakora yake akaenda.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Ngedere.

"Kifaru. Mwenyekiti."

"Wazee hawaingii."

"Ebo! Kwa nini?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Desturi ya tangu lini?"

"Tangu juzi asubuhi."

Kifaru akarudi nyuma hatua moja. Neno desturi alilizoea kulitoa yeye, kurushiwa hakukuzoea.

"Nataka kutazama tu, mjukuu."

"Kutazama kuna masharti. Unakaa mkekani, uso ukutani. Unaosha vibuyu. Husemi mpaka kijana mmoja ashikwe na kwikwi, na akishikwa, maneno matatu."

"Siri nitaonyeshwa lini?"

"Ukishakuwa kijana wa kutosha."

Kifaru akakuna sikio. Masharti haya yalimgusa mahali fulani kichwani, kama mtu unayemwona sokoni na kushindwa kukumbuka jina lake. Lakini ghala la mifupa lilimgusa zaidi. Akainamisha pembe, akaingia.

Mkeka ulikuwa mrefu. Akakaa. Akahisi ubavu wa mtu mnene, wenye majimaji, umemgusa ubavuni.

"Kiboko?" akanong'ona.

"Sipo," akanong'ona Kiboko.

"Si ulisema ngozi imekauka?"

"Na wewe si ulisema huu ni upuuzi wa watoto?"

"Shhh!" akasema Nyati, upande wa pili. "Mtatufukuzisha."

Na nyuma ya Nyati alikuwepo Tembo, na nyuma ya Tembo wengine wote. Chama kizima cha Bakora, wazee wanane kwa safu, wameukodolea ukuta wa matete.

Nyuma ya migongo yao mambo yalikuwa yanakwenda. Vibuyu vinalia. Mtu anaimba. Mwingine anasema, "Mwangalie yule!" na wote wanaanguka vicheko. Mwangalie nani? Kifaru angetoa pembe yake ajue. Kisha kukawa kimya, na Kidawa akasimama kutoa hotuba.

"Ndugu zangu! Tukumbuke tulikotoka! Chama chetu kilianzishwa na Ngedere, juzi, baada ya uji. Alikuwa nani kama yeye?"

"Alikuwa nani kama yeye!" wakaitika wote.

"Akafuata Swala, juzi hiyo hiyo, alikwenda kwanza kunywa maji. Alikuwa nani kama yeye?"

Ikaendelea. Ikaendelea tena. Jua likapanda, miguu ya Kifaru ikafa ganzi, na hotuba haijafika jana. Kwa mara ya kwanza maishani alijiuliza: hivi watu husikiliza hotuba mpaka mwisho kwa sababu gani?

Akaosha vibuyu. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi. Wote wanane walirudi, kila siku, na hakuna aliyeshikwa na kwikwi. Siri haikuonyeshwa. Siku zikachanganyika, leo ikafanana na jana, maana ukuta ni ule ule.

Asubuhi moja Kifaru akasikia mlio. Kwaa... kwaa... Akatega sikio. Nguzo iliyo mbele ya pua yake ilikuwa inalala. Wazee wanane walikuwa wameegemea matete kwa siku kadhaa, na Tembo ni Tembo. Kwaa... Paa litawaangukia vijana wote!

Kifaru akanyanyua mguu wa mbele.

"Ndugu zangu," alikuwa anasema Kidawa, "akafuata Kanga, jana..."

Kifaru akanyanyua pembe. Akaitikisa.

"Huyu mzee ana kiherehere," akasema Ngedere.

Kwaaa! Kifaru akamgeukia Swala kwa macho ya kuomba, shikwa na kwikwi, mwanangu, shikwa tu! Swala akapiga miayo. Damu ikampanda Kifaru.

"Nguzo inaanguka, jamani! Tokeni! Tokeni nje! Sheria gani hii ya kipumbavu, mtu anaona hatari kwa macho yake halafu anangoja kwikwi? Kwikwi! Mtu mzima mimi! Nani katunga ujinga huu?"



"Kifungu cha tatu," akasema Kiboko kwa mazoea, bila kugeuka. "Mgeni hatasema ila kwa..." Akakoma. "Ala!"

"Malizia, babu Katibu," akasema Kidawa kwa upole. "Kifungu cha tatu cha chama gani?"

Kiboko akageuka. "Chetu."

"Shikeni nguzo ile," Kidawa akawaambia vijana, na vijana kumi wakaishika, wakaikaza. Kisha akaja akasimama mbele ya Kifaru, pua kwa pua, ilibidi apande juu ya kibuyu.

"Mimi nilisema mchwa, babu."

Kifaru akafungua mdomo. Hakuelewa. Kisha akaelewa kidogo, kisha akaona aibu, kisha akachanganyikiwa tena.

"Lakini... lakini ile yetu ilikuwa kwa heshima."

"Umeionaje heshima yenyewe, hapo mkekani?"

"Miguu imekufa ganzi."

"Miezi ya kwanza ndivyo."

"Na siri? Siri ya chama chenu?"

"Hakuna siri. Tulikuwa tunacheka tu. Mnavyokaa, mnachekesha."

"Ulitudanganya!" akanguruma Nyati. "Umetudhalilisha wazee wazima!"

"Kwa siku ngapi, babu Nyati? Mimi nimekaa miaka mitatu."

"Unakichukia chama chetu," akasema Kifaru, sauti imevunjika. "Sema tu."

"Baba yangu alipougua, nani alileta maji?" Kidawa akamwambia, na sasa sauti yake nayo haikuwa imara. "Ndoo kwa ndoo, kiangazi kizima, na kisima mbali. Ni nyinyi. Ningekichukia, babu, saa hizi ningekuwa namsaidia Fisi kubeba mifupa."

Kabla Kifaru hajajibu, nje kukasikika mabawa. Pa! pa! pa!

"CHAMA CHA BAKORA! MPO?"

Kifaru akaganda. "Leo siku gani?"

"Siku ya Mwaka," wakasema vijana wote pamoja.

Lo! Salale! Korongo kasimama mlangoni, na nyumba nzima haina hata sauti moja! Wazee wakakurupuka, wakatoka mbio, pu! pu! pu!, na walipofika mlangoni wakasimama. Maana sheria ya mlango ni mkubwa kwanza, agonge kizingiti mara tatu, na mkubwa ni Tembo, na Tembo ndiye anatoka kibandani sasa hivi, mguu mmoja umekufa ganzi.

"Njoo, Tembo!"

"Nakuja!"

"CHAMA CHA BAKORA!" Wito wa pili. "MPO?"

"Ingieni tu!" akapiga kelele Kifaru. "Ingieni bila kugonga!"

Nyati na Kiboko wakaingia pamoja, wakakwama. Nyati akasukuma, Kiboko akateleza, wakaangukia ndani, wengine juu yao. Wanane. Wanane tu! Kifaru akageuka. Vijana walikuwa wamesimama uani, kundi zima, hawasogei. Korongo akajisafisha bawa la kulia. Akajisafisha la kushoto.

"Kidawa! Mjukuu wangu! Ingieni!"

"Tunakaa wapi, babu?"

"Popote!"

"Mkekani?"

"Utupilieni mbali mkeka!"

"Tunasema?"

"Mnasema!"

"Bila chafya?"

"Bila chafya!"

"Na tukisema yatakayowaudhi?"

Hapo Kifaru akakigeukia kiti cha mwenyekiti. Jamani, hilo lilikuwa kubwa. Alimwona baba yake kwenye kiti kile, hakuna aliyewahi kumuudhi akiwa amekaa pale. Aliona mifupa imerundikwa mpaka darini. Hakujua chama kitakuwa cha namna gani mtu akiweza kusema hivyo mbele ya mwenyekiti. Hakuweza hata kukiona akilini. Korongo akafungua mdomo.

"Hata hayo," akasema Kifaru. "Sijui itakuwaje, mjukuu wangu, mimi sielewi kitu. Lakini hata hayo."

"CHAMA CHA BAKORA! MPO?"

Wakaingia kwa mlango, wakaingia kwa madirisha, Ngedere akaingia kwa paa. "TUPO!" Kuta zikatetemeka. "Tupo!" "Tupo, ila mbona kunanuka hivi?" "Tupo! Nani kalikalia hili dirisha?" "Tupo, na hii orodha tuipunguze!"

Korongo akainamisha shingo, akasikiliza, akahesabu kwa kucha.

"Thelathini na sita," akasema. "Wengine wanaitika, wengine wanalalamika. Mfalme hakusema wasilalamike." Akabadilisha mguu, akaruka zake.

Kifaru akajikokota hadi kwenye kiti chake, jasho linamtoka. Nyumba ilikuwa imepona. Ilikuwa pia imejaa kelele ambazo hazijawahi kusikika tangu ijengwe: Swala anabishana na Kiboko kuhusu kifungu cha tatu, Kanga anataka bakora yake na anaitaka leo.

"Ulijua Korongo anakuja asubuhi hii," Kifaru akamwambia Kidawa.

"Kila mtu alijua, babu. Ni nyinyi tu mliokuwa mnatazama ukuta."

"Na kama ningekataa?"

"Ningeshindwa," akasema Kidawa. "Tungeshindwa sote."

Mzee Kifaru akafuta jasho. Akaitazama halaiki ile, hatua kumi mbele ikawa ukungu, ukungu wenye sauti thelathini na tano. Akakohoa kwa cheo.

"Haya basi, ndugu zangu. Sasa tunafanya nini?"

Wakamjibu wote kwa pamoja, wala hakushika hata neno moja, akageuza sikio la kulia, akageuza la kushoto, akamvuta Kidawa karibu na kusema, "Hebu waambie waseme mmoja mmoja. Nataka kusikia."

Hadithi yangu imeishia mlangoni pale, na mlango nimeuacha wazi. Funzo lake ni hili: anayetaka vijana waje kwake, awape kwanza nafasi ya kusema.